Anajishuku, au Anatusoma Vibaya? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Haiba ya Kiskizotipali na Kuelewa Nia za Wenzetu

Maswali haya nimeyaokota kwenye vikao vya familia ninavyoviendesha Jumamosi mchana katika ukumbi mmoja huku Eastlands, Nairobi. Mimi ni mshauri nasaha, si daktari wa akili. Ninaposimulia habari za mtu, ujue nimechanganya watu watatu wanne na jina nimelitunga. Maswali mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndiyo yanayowakosesha watu usingizi. Mengine yanatosheka na sentensi mbili tatu.

Hilo neno "skizotipali" maana yake nini?

Ni jina la aina moja ya haiba, yaani mkusanyiko wa tabia za kudumu za mtu. Mwaka 1953 daktari Sandor Rado aliwataja kwa jina hilo watu aliowaona wamerithi kitu kinachokaribiana na skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, ilhali hawaugui skizofrenia yenyewe. Mwaka 1962 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Meehl akalipanua wazo hilo. Siku hizi watafiti wengi huziona tabia hizi kama urefu wa watu: kila mtu ana kiasi chake, na wachache wamezidi.

Zenyewe huja kwa mafungu matatu. La kwanza ni la fikra na hisia zisizo za kawaida: kuhisi kuna mtu chumbani nawe uko peke yako, kuamini kwamba ukimuwaza mtu lazima apige simu, kuona kwamba maneno ya mtangazaji wa redio yamekulenga wewe. La pili ni la kujitenga: hakuna rafiki nje ya ndugu, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, na mbele ya watu kuna wasiwasi usiopungua hata akishazoeana nao. La tatu ni la mpangilio: maneno yanazunguka bila kufika, mavazi na vitendo vinashangaza. Mwaka 1991 Adrian Raine alitunga hojaji ya maswali 74, ya kujibu ndiyo au la, inayopima mafungu hayo yote.

Yashike hayo mafungu matatu. Karibu kila jibu hapa chini linategemea tunazungumzia fungu gani.

Kwa hiyo ndugu yangu ana skizofrenia?

La. Mwenye skizofrenia huweza kufikia kusikia sauti kila siku na kuamini jambo lisilokuwepo bila kuyumba. Mwenye haiba ya kiskizotipali mara nyingi hubaki na mlango wazi: "Pengine ni mimi tu, lakini naona kama walikuwa wananisema." Ni kweli kwamba mambo haya mawili ni ya ukoo mmoja. Shirika la Afya Duniani huiorodhesha hali hii jirani na skizofrenia, na Wamarekani huiweka kwenye matatizo ya haiba. Walio wengi hawavuki kuingia skizofrenia.

Mama yangu anaamini majini na kurogwa. Naye yumo?

Swali hili huulizwa kila kikao, na kila mara kuna anayecheka halafu ananyamaza.

Mwongozo wa madaktari wa Marekani wenyewe unasema imani ihesabiwe kuwa dalili pale tu inapopingana na mila za watu anaoishi nao mhusika. Mama aliyekulia Kilifi, ambako mtaa mzima unajua jini wa nani ametulia na wa nani anadai kafara, haamini kitu cha ajabu kwa kumwogopa jini. Kadhalika muumini wa kanisa la maombi huku Kayole anayesema amefunuliwa jambo: kama kanisa zima husema hivyo, huyo ni muumini tu. Cha kuangalia ni mtu ambaye hata wenye imani hiyo hiyo wanashangaa: "Huyu naye amepitiliza." Wanaojua kupima hilo ni majirani na wazee wa ukoo kuliko mtu aliyesoma ng'ambo. Nimewahi kumwona mtaalamu mgeni akiandika "imani za kichawi" kwenye faili la bibi mmoja aliyesema tu kwamba bundi alilia juu ya bati usiku ule mumewe alipofariki.

Kuelewa wenzako si ndiko kuwaonea huruma? Mbona mnavitenganisha?

Kwa sababu ni kazi mbili, na mtu anaweza kuijua moja ikamshinda nyingine. Kiswahili chetu kinavitenganisha vizuri tu. Tunasema *kumsoma mtu*: kujua anachowaza, anachotaka, anachoficha. Tena tunasema *kuingiwa na imani*: kuguswa na shida yake. Tapeli wa mjini anakusoma vizuri sana, kabla hujashuka matatu ashajua unatafuta nini na una haraka kiasi gani, lakini imani na wewe hana. Mtoto mchanga akimsikia mwenzake analia naye hulia, na hakuna alichosoma.

Hata kichwani njia ni mbili. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake walichapisha utafiti waliofanya London na jozi 16 za wapenzi. Mwanamke akiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, mwenzake alikuwa akitiwa umeme kidogo mkononi. Mwanamke alipojua kwamba sasa mpenzi wake anaumia, zile sehemu za ubongo zinazobeba karaha ya maumivu ziliamka, lakini zile zinazoonyesha umeumia wapi na kwa kiasi gani zilitulia. Aliumia bila kuguswa. Kusoma nia kuna njia yake nyingine, ambayo sehemu yake muhimu iko juu kidogo na nyuma ya sikio. Kwa hiyo ukiniuliza kama mwanao "anaelewa watu", nitakuuliza kwanza: anawasoma, au anawaonea imani?

Kaka yangu hakulia kwenye mazishi ya baba. Kweli ana moyo huyu?

Nitakusimulia habari ya kijana, tumwite Baraka. Alifiwa na shangazi aliyemlea. Siku zote za matanga hapo Umoja hakumpa mtu pole, hakukaa na wanaume penye moto, hakutoa chozi. Wajomba walikasirika. Mmoja alisema waziwazi kwamba kijana huyu ni jiwe. Lakini binamu yake alinieleza kwamba kila alipoamka usiku kwenda msalani alimkuta Baraka nyuma ya nyumba, taa ya simu ameiegemeza kwenye ndoo, anasugua masufuria. Masufuria ya watu mia. Aliyasugua kwa majivu mpaka masizi ya nje yakatoka, kazi ambayo hakuna aliyemtuma wala aliyeihitaji. Shangazi ndivyo alivyokuwa akiyapenda masufuria yake.

Uso usioonyesha kitu ni sehemu ya fungu la pili. Uso ukinyamaza, watu husema na moyo umenyamaza, na hapo ndipo tunapokosea mara nyingi. Sitaki kukudanganya hata hivyo: kati ya mafungu yote matatu, hili la kujitenga ndilo ambalo tafiti nyingi zimelikuta likiambatana na alama za chini za huruma. Lakini alama hizo mara nyingi hutokana na mtu kujieleza mwenyewe kwenye hojaji. Inayotumika zaidi ni ya Mark Davis, ya miaka ya 1980, yenye maswali 28, na mtu asiyejua kuzitaja hisia zake atajipa alama ndogo hata kama anazo. Wengi wenye tabia hizi hushindwa hapo hapo. Baraka aliwahi kuniambia: "Moyo unanienda mbio, sijui ni hasira, sijui ni woga, sijui ni njaa."

Hojaji ya Davis ina kipengele kingine ambacho watu hukisahau: dhiki inayokupata wewe unapoona mwenzio anateseka. Kwenye kipengele hiki wenye tabia za kiskizotipali huelekea kupata alama za juu. Yaani huguswa, tena sana, kiasi kwamba njia ya kujiokoa ni kuondoka chumbani. Nasi tuliobaki tunasema amekimbia kwa sababu hajali.

Basi kama moyo anao, mbona kila siku anatuelewa vibaya?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Watu hudhani kwamba kumsoma mtu vibaya ni kumsoma kidogo. Kuna wanaosoma kidogo, hasa wenye fungu la kujitenga, ambao hawajishughulishi na nyuso za watu. Lakini mwenye fungu la kwanza mara nyingi kosa lake ni kusoma kupita kiasi. Anaona nia mahali ambapo hakuna nia. Konda amemruka kumrudishia chenji: amekusudia. Mama mboga na wateja wake wawili wamecheka yeye akipita: wamemcheka yeye. Nairobi tuna neno la hali hii lililotangulia vitabu vyote: *anajishuku*.

Mwaka 2008 Bernard Crespi na Christopher Badcock walitoa hoja kwamba usonji (autism) na magonjwa ya jamaa ya skizofrenia yako kwenye ncha mbili za kamba moja: upande mmoja kusoma nia kumepungua, upande wa pili kumefurika. Hoja hiyo ina wapinzani, na ni haki yao, kwa sababu kuna watu wenye dalili za pande zote mbili. Lakini kama picha ya kumfikiria ndugu yako inasaidia.

Sasa liangalie hili kutoka hapa kwetu. Sisi ni watu wa mafumbo. Kanga ina maneno pindoni, na mwanamke wa pwani akipita mbele ya mke mwenzake amejifunga kanga yenye kijembe, huyo mke mwenza akisema "ananilenga mimi" hajishuku hata kidogo. Analengwa! Huku bara kanga imehamia kwenye WhatsApp: mtu anaweka kwenye stetasi "Wengine wanacheka na wewe huku wanachimba shimo," na watu arobaini wanaanza kujiuliza ni nani. Mwenye tabia za kiskizotipali anaishi katika mji ambapo ujumbe uliofichwa ni jambo la kila siku. Anachokosa ni breki. Wewe na mimi tutajiuliza dakika mbili, tutaona huenda ni mambo ya yule shemeji yake, tutaendelea kupika. Yeye hupata jibu upesi, na akishalipata halitoki. Ushahidi wa kupinga anaugeuza kuwa ushahidi wa kuunga mkono: "Ameniamkia vizuri leo? Anataka nisijue."

Kwa hiyo ninapomsikiliza mtu huwa siangalii sana kama alichokisema kinawezekana. Naangalia ana maelezo mangapi. Mwenye maelezo matatu ya kicheko kimoja yuko salama kuliko mwenye moja.

Je, ni kama usonji?

Kwa nje hufanana: wote wawili huweza kukwepa macho ya watu na kukosa marafiki. Usonji huonekana tangu utotoni, nao huja na kupenda utaratibu usiobadilika na hisi zinazosumbuliwa na kelele au nguo. Tabia za kiskizotipali huja na shuku na hisia za ajabu, na huonekana zaidi kuanzia ujanani. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana kazi ya kutenganisha ni ya mtaalamu.

Uwezo wa kusoma wenzako hupimwaje?

Kwa watoto kuna hadithi maarufu iliyotumiwa mwaka 1985 na Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith. Sally anaweka gololi kapuni, anatoka nje. Anne anaihamishia sandukuni. Sally akirudi ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka minne au mitano huweza kusema "kapuni", kwa kuwa anajua Sally hajui. Mtu mzima mwenye tabia za kiskizotipali hilo halimshindi. Yeye hupewa mitihani migumu zaidi, kama kupanga picha za hadithi ambamo mtu mmoja amedanganywa, au kueleza kejeli.

Mtihani mwingine ni wa macho. Toleo la mwaka 2001 lina picha 36 za macho tu, zimekatwa, na kila moja ina maneno manne ya kuchagua: huyu anahisi nini? Nimewahi kusaidia kuutafsiri kwa Kiswahili na nina kinyongo nao hadi leo. Kwanza picha ni za Wazungu, zilitolewa kwenye magazeti. Pili, maneno. Kuna maneno kadhaa yanayohusu kutafakari. Sasa hapa Nairobi ukisema mtu "ana mawazo" umesema ana shida, pengine anadaiwa kodi. Mzee mmoja wa Jericho aliitazama picha ya kwanza kwa muda, akanirudishia karatasi: "Mwanangu, mtu huwezi kumjua kwa macho bila kusikia alivyokusalimia." Nilimwandikia amekosa. Mpaka sasa sina hakika kwamba alikosa.

Nimejibu hojaji mtandaoni nikapata alama za juu. Nifanyeje?

Kunywa chai. Hojaji inaonyesha una tabia nyingi kiasi gani, haitoi jina la ugonjwa. Kuitwa tatizo la haiba, hali lazima iwe imedumu miaka na kuharibu kazi, masomo au mahusiano, na kwa mwongozo wa Marekani dalili tano kati ya tisa ziwepo. Kama unaishi vizuri na una mawazo ya ajabu kidogo, uko na wasanii wengi.

Ni makosa yangu ya malezi?

Sehemu kubwa ni urithi. Tabia hizi huonekana zaidi kwa ndugu wa damu wa watu wenye skizofrenia, hata pale mtoto alipolelewa na watu wengine kabisa. Mateso ya utotoni nayo huongeza. Bangi pia ina uhusiano nazo, na kwa kijana ambaye tayari anajishuku ni kumwagia petroli kwenye jiko. Kama kuna jambo moja la kumkataza, ni hilo.

Tuongee naye vipi nyumbani?

Acheni mafumbo. Hili peke yake limetuliza nyumba nyingi kuliko ushauri wangu mwingine wote. Msiseme "kuna watu hapa hawaoshi vikombe." Semeni "Baraka, tafadhali osha kikombe chako." Mkicheka akiingia, mwambieni mnacheka nini, hata kama si la kuchekesha mara ya pili. Kunong'ona jikoni, acheni. Ukiusoma ujumbe wake na huna nafasi ya kujibu, andika "nimeona, nitajibu jioni," maana tiki mbili za bluu bila jibu ni usiku mzima wa kuhesabu dari.

Akikuambia majirani wanamsema, usibishane naye na wala usikubali ili kumridhisha. Ukibisha, unajiunga na majirani. Ukikubali, umeshuhudia. Shika hisia, uache habari: "Hiyo lazima inachosha. Wewe ulisikia nini hasa?" Halafu muulize kwa upole kama kunaweza kuwa na sababu nyingine, uitafute pamoja naye. Ikikosekana leo, basi.

Na wewe umsome pia. Tunamlaumu kwamba yeye hatuelewi sisi, lakini nyumba nzima imeshakata shauri kwamba uso wake maana yake ni kiburi. Muulize anahisi nini badala ya kumwangalia tu.

Ataweza kuoa?

Wapo waliooa na kuolewa. Wanaofanikiwa, kwa nilivyoona, wamepata mwenzi mnyoofu wa maneno asiyehitaji kusifiwa kila asubuhi.

Lini nimpeleke hospitali, na ni wapi?

Asipolala siku kadhaa, akiacha kula kwa kuogopa sumu, akisikia sauti zinazomwamuru, au akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtu anayemshuku, usisubiri kikao changu. Mpeleke siku hiyo hiyo. Kwa mambo yasiyo ya haraka, anzia kituo cha afya kilicho karibu upate barua.

Hospitali ya Mathari, iliyoko barabara ya Thika, ipo tangu mwaka 1910. Najua jina lake limekuwa tusi, watoto shuleni huambiana "umetoroka Mathari", na kuna wazazi wanaoshuka stendi moja mbele ili wasionekane. Ina kliniki ya wagonjwa wanaokuja na kurudi nyumbani, na wengi wanaoingia langoni hawalazwi. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022, na imetia mkazo ridhaa na heshima ya mgonjwa. Mkiwa mle ndani ulizeni dawa ni ya nini, ulizeni na habari ya mazungumzo ya tiba.

Hataki hata kusikia neno "daktari".

Usianze na anachokanusha. Anza na anacholalamikia mwenyewe. Karibu kila mmoja ana kitu: kichwa, usingizi, moyo kwenda mbio akiwa ndani ya matatu iliyojaa. Ukimwambia "twende ukaangaliwe kwa sababu unatushuku", umemthibitishia kwamba mmekaa mkamjadili. Na kweli mmemjadili.

Baraka alikwenda kwa sababu ya usingizi. Mara tatu za kwanza alizungumzia usingizi tu, na muuguzi akamwachia. Habari za majirani alizianza mwenyewe, mara ya nne, akiwa ameshashika mlango kutoka.